Mtoto wa Mbuzi Alelewe kwa Mapenzi, Asilishwe Kama Mtu

Asubuhi moja tulipita katika kaya moja hapa Lagangabilili, wilaya ya Itilima, kuwajulia hali wanakisomo wetu. Tukapiga hodi: "Mwangaluka mayu!" Aliyetangulia kutupokea hakuwa mama mwenye nyumba. Alikuwa mtoto wa mbuzi wa miezi miwili. Akaja moja kwa moja kwenye mfuko wetu wa vitabu, akaanza kuutafuna. Watoto wakacheka sana. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na wao ndio waliomlea.

Tuliporudi juma la pili, hatukumwona. Alikuwa amekufa.

"Hatukumnyima kitu," mama alituambia. "Hata ugali alikuwa anakula na watoto. Siku ile alikuta mahindi tumeanika, akala mpaka akashiba. Usiku tumbo likajaa. Asubuhi hakuamka."

Jamani, mbuzi huyu hakufa kwa kunyimwa. Alikufa kwa kupewa. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya kumlea mbuzi mdogo nyumbani.

Mbuzi wetu ni wadogo

Mbuzi wetu wa kienyeji ni wadogo wa umbo. Jike aliyekomaa mara nyingi ana kilo 20 hadi 30 tu. Huvumilia jua na ukame, na huzoea watu upesi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufuga mbuzi wafupi nyumbani kwa ajili ya kuwapenda tu, kama mtu anavyofuga paka. Asili ya mbuzi hao ni Afrika ya Magharibi. Kwetu sisi mbuzi ni rafiki wa watoto, lakini pia ni sare ya shule na dawa ya mgonjwa. Akifa, hasara ni mbili.

Kwa nini mahindi yanaua?

Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne. Chumba kikubwa ni kama pipa la kuchachushia. Ndani yake wamo vijidudu vyema vinavyolainisha majani. Mbuzi akila mahindi, pumba au ugali mwingi kwa mara moja, nafaka huchacha upesi, tumbo hujaa ukali, na vile vijidudu vyema hufa. Tumbo husimama kufanya kazi. Mbuzi huvimba, hulala, hufa. Basi nafaka ifunikwe, na mabaki ya ugali yasiwe chakula chake.

Akifiwa na mama yake

1. Apate dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, mapema iwezekanavyo katika saa 6 za kwanza. Dang'a humpa kinga. Kama mama yake amekufa, kamua mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo, au ng'ombe aliyezaa.

2. Baadaye apewe maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe yaliyochemshwa, yakapoa mpaka kuwa vuguvugu. Mtoto wa kilo 2 anywe kama robo lita kwa siku, akigawiwa mara 4 au 5. Kadiri anavyokua, aongezewe kidogo kidogo. Usimjaze mara moja.

3. Anyonye kwa chupa yenye chuchu, amesimama, kichwa kimeinuka kidogo. Hivyo maziwa hupita chumba kikubwa na kuingia chumba cha nne, mahali pake. Usimmiminie kwa nguvu, yataingia mapafuni.

4. Chupa ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Chupa iliyotiwa dawa ya pamba isitumike kabisa, hata ikioshwa mara kumi.

5. Kuanzia wiki ya pili awekewe majani laini na maji safi. Akifika miezi 3, na anakula majani vizuri, mwachishe maziwa.

Asikae peke yake

Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akikaa peke yake hulia, hukonda. Mzoeshe kwa wenzake mapema. Wakati wa kiangazi ngitili humfaa, maana mbuzi hupenda majani ya vichaka kuliko nyasi za chini. Ukimfunga kamba, fundo lisikaze shingoni, na kivuli kiwepo. Siku za kupulizia pamba dawa, awe mbali na shamba.

Beberu mdogo atengwe na majike afikapo miezi 4. Eti ni mtoto? Anaweza kumpandisha hata dada yake.

Afya yake na yetu

Mwoneni bwana mifugo kwa dawa ya minyoo na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu ulithibitishwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2008. Dalili zake ni homa, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara.

Watoto wacheze na mbuzi wao, kisha wanawe mikono kwa sabuni. Wasilale naye chumba kimoja. Mbuzi akitupa mimba, msishike kwa mikono mitupu. Maziwa yachemshwe.

Yule mama sasa analea mwanambuzi mwingine. Amenunua daftari. Ameandika tarehe ya kuzaliwa, kiasi cha maziwa, na siku ya chanjo. Kifuniko cha mahindi kimewekewa jiwe. Kumbe kisomo kinaweza kumlinda mbuzi! Nasi tufanye hivyo.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini mahindi mengi yanamwua mbuzi?
2. Dang'a hutolewa lini?
3. Katika kaya yako, nafaka hufunikwa na nani?