Waya Unaokumbuka Umbo na Mitetemeko ya Rusizi (Sehemu ya Pili)

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilitikisika Rusizi na Nyamasheke, nchini Rwanda, kwa kipimo cha 5.9. Kanisa moja wilayani Rusizi liliwaporomokea waumini wakiwa ibadani. Tarafa ya Gashonga imo katika wilaya hiyohiyo, kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na bonde hilo bado linapanuka. Tetemeko jingine litakuja.

Wiki iliyopita tulieleza jinsi William Buehler na wenzake, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, walivyoipata aloi ya nikeli na titani inayorudia umbo lake. Leo tuulize: mhandisi anayetaka kuitumia dhidi ya tetemeko anaipigiaje hesabu?

Nondo ya kawaida haina matata. Ivute kupita takriban asilimia 0.2 ya urefu wake, nayo hairudi tena ilivyokuwa. Waya wa aloi hii, ukiwa katika halijoto inayoufaa, huvutika hadi karibu asilimia 8 kisha ukarudi. Mkazo ukifika kiwango fulani, mpangilio wa atomi uitwao austenaiti hugeuka kuwa matensaiti. Ukiachia, hugeuka tena. Lakini safari ya kurudi hupita kwenye mkazo wa chini zaidi, hivyo grafu huchora kitanzi. Eneo lililozungukwa na kitanzi hicho ni nishati ya tetemeko iliyoishia kuwa joto ndani ya waya badala ya kupasua ukuta.

Ugumu wa hesabu unaanzia hapo. Kwa mkazo uleule, waya unaweza kuwa na urefu wa namna mbili, kutegemea kama ulikuwa ukivutwa au ukiachiwa. Mwaka 1986 Kikuaki Tanaka aliingiza kwenye milinganyo kiasi cha ziada: sehemu ya metali iliyokwisha kuwa matensaiti, kuanzia 0 hadi 1. Liang na Rogers wakaiandika upya kwa kosini mwaka 1990. Kwangu mimi, hatua kubwa ni ya Catherine Brinson mwaka 1993, aliyetenganisha matensaiti iliyoletwa na baridi na ile iliyoletwa na mkazo. Waya uliopozwa tu, bila kuvutwa, unaweza kujaa matensaiti na usirefuke. Hilo modeli za awali hazikuweza kulieleza.

Halijoto nayo ina neno. Kila digrii inapoongezeka, mkazo wa kuugeuza waya hupanda kwa takriban megapaskali 6 hadi 7. Ukiteremka kutoka milima ya Gashonga hadi Bugarama, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari, kunakotengenezwa saruji ya Cimerwa, joto linazidi. Tofauti ikiwa digrii 7 tu, waya uleule utadai megapaskali zaidi ya 40 za nyongeza. Kwa hiyo mchoro wa bondeni haufai kupelekwa mlimani bila kupigiwa hesabu upya. Na usiku wa baridi kali kuliko kiwango chake, waya ukivutwa hubaki umerefuka mpaka upashwe joto.

Tena tetemeko huenda mbio. Waya unapogeuka hutoa joto, na kwa kuwa haupati nafasi ya kupoa, hukaza zaidi na kitanzi hubadilika. Modeli iliyolishwa vipimo vya polepole vya maabara itakosea makadirio ya nishati.

Sitarajii nyumba ya rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, ifungwe waya wa bei hii. Mkanda wa zege juu ya kuta ndio utakaoiokoa. Kanisa ni habari nyingine. Baada ya tetemeko la Septemba 1997 kuiharibu Basilika ya Mtakatifu Fransisko mjini Assisi, Italia, warekebishaji waliunganisha kuta za pembetatu na paa kwa vifaa vyenye aloi hii. Waliiweka pale tu ukuta unapotaka kuanguka nje, na kwa kiasi kidogo.

Wiki ijayo: waya uliovutwa na kuachiwa mara elfu hubaki na kumbukumbu gani?