Sili ya Difu Inayovuja: Tazama Sababu Kwanza

Kila msimu wa karafuu ukikaribia, wenye mabasi ya shamba hushughulika: huyu atia matairi, huyu apaka rangi bodi, huyu ashona viti. Yote hayo ni mema. Lakini liko jambo asiloliona aliyekaa barazani, nalo ni mafuta yanayotona chini ya difu. Twalitia jambo hili katika gazeti letu kwa kuwa mabasi hayo ndiyo yanayotuchukulia wachumaji asubuhi na magunia jioni, na khasara yake hutufika sote.

Difu ni lile bakuli la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gurudumu dogo la meno, pinioni, linalozungushwa na propela. Nalo huzungusha gurudumu kubwa, krauni, lipelekalo nguvu kwenye magurudumu ya gari. Meno hayo husuguana kwa uzito mkubwa, na kinga yake ni mafuta mazito tu. Pale pinioni inapotokeza nje kuungana na propela pana pete ya mpira yenye springi nyembamba ndani yake. Hiyo ndiyo sili.

Sili ikivuja, mafuta hupungua, beringi huungua, difu huanza kulia, na mwenye gari hununua difu nzima kwa sababu ya pete ya mpira. Wengine huchukua kopo la mafuta garini wajazie njiani. Ndugu wakulima, mafuta ya difu yana dawa ya salfa yenye harufu kali, na karafuu ni mali ya harufu. Kopo likimwagika karibu na magunia, kazi ya kuchuma na kuanika imepotea bure. Ama sili za pembeni, kwenye magurudumu, khatari yake ni kubwa zaidi: mafuta huingia katika dramu la breki, na breki iliyolowa haishiki. Aijuaye Pemba na vilima vyake hana haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa twafika kwenye shabaha yetu. Watu wengi hutia sili mpya, na baada ya siku chache mafuta yatona tena. Husema sili ni mbovu, kumbe sababu haikutazamwa. Sababu zenyewe khasa ni nne.

Ya kwanza ni kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka. Kitundu kikizibwa na udongo, hewa husukuma mafuta yatoke penye sili. Kukizibua hakugharimu kitu. Ya pili ni mafuta kujazwa kupita kiasi. Ya tatu ni beringi ya pinioni iliyochoka. Ishike flenji, ule uso wa chuma unaofungwa propela, uitikise juu na chini. Ikicheza, sili mpya haitadumu. Ya nne ni mfereji uliochimbwa na sili ya zamani juu ya shingo ya flenji. Pitisha ukucha, ukinasa, flenji ibadilishwe au ivishwe pete nyembamba ya chuma.

Kazi yenyewe huenda hivi. Magurudumu yazuiwe kwa magogo, na ekseli isimamishwe juu ya vigingi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mafuta yamwagwe katika chombo. Propela itiwe alama kabla ya kufunguliwa, ipate kurudi pale pale. Nati ya pinioni nayo itiwe alama, na nyuzi zinazoonekana zihesabiwe. Hapa ndipo wengi huharibu. Katika difu nyingine mna kikopo cha chuma kinachobonyea nati ikikazwa, ili beringi zikae kwa kipimo. Kikibonyezwa kupita kiasi hakirudi, na beringi huungua. Basi nati irudishwe kwa alama yake, au ifuatwe kama kisemavyo kitabu cha gari.

Sili kuukuu isitupwe. Mara nyingi usoni mwake mmeandikwa vipimo, yaani upana wa tundu, upana wa nje na unene. Ipelekwe dukani ilinganishwe. Sili mpya ipakwe mafuta mdomoni, na upande wenye springi uelekee ndani kwenye mafuta. Igongwe polepole kwa kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake, isiende upande. Kisha tia mafuta ya aina itajwayo kitabuni, aghalabu namba 90 yenye alama ya EP, mpaka yafike ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limekaa sawa. Mafuta ya injini hayafai hapa.

Asiye fundi amwachie fundi, lakini amwulize: kitundu umekizibua? Pinioni haichezi? Flenji haina mfereji? Fundi mwema hachukii kuulizwa. Baada ya safari fupi tazameni tena chini ya gari, na lifanyeni hili sasa, wachumaji hawajaanza kupanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.