Kigeuzi Mgongoni mwa Mota: Faida na Tahadhari

Mota ndiyo mtumishi mkuu wa kiwanda. Husukuma maji, huzungusha feni na huvuta mizigo. Lakini mota ya kawaida ya mkondo geu hufuata umeme unaoilisha: penye umeme wa herzi 50, mota ya ncha nne hukaribia mizunguko 1500 kwa dakika, kazi iwe nyingi au kidogo.

Maji yakihitajika machache, fundi hubana vali, na pampu huendelea kuhangaika. Ndivyo afanyavyo mpishi aachaye moto mkali na kuinua sufuria ili chakula kisiungue: kuni huteketea bure.

Dawa yake ni kigeuzi cha umeme. Chombo hiki huufanya mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kisha kwa transista huunda mkondo geu mpya wenye herzi zinazotakiwa. Kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuviunda kwa wingi mwaka 1968. Faida ni kubwa: feni ikipunguziwa mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu.

KWA NINI VIUNGANISHWE

Kwa desturi kigeuzi hufungwa kabatini, mbali na mota. Transista zake hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Mapigo hayo yakipita katika kebo ndefu hurudi kama mwangwi, na volti penye mota huweza kukaribia maradufu, zikachosha vihami vya nyaya. Kigeuzi kikifungwa juu ya mota yenyewe, kebo hufupika, kabati halihitajiki, na vyombo vya jirani havivurugwi sana.

JIRANI MWENYE JOTO

Hata hivyo, ujirani huo una gharama. Joto na mtikisiko wa mota hukifikia kigeuzi, na kapasita zake huzeeka upesi zikipata joto. Aidha, mota ikienda polepole, feni iliyo kwenye mhimili wake hupeperusha hewa kidogo, wakati vyote viwili vinaitegemea.

Kwa hiyo fundi ayasafishe mapezi ya kupozea, aache nafasi ya hewa, na asikiweke chombo juani. Kabla ya kukifungua akate umeme, kisha angoje dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, kwani kapasita huhifadhi umeme uwezao kuua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mapezi yaliyozibwa na vumbi ndiyo ufa wenyewe.