Ushuru wa Forodha katika Hesabu za Kompyuta



Chama kinapoagiza vifaa kutoka nje ya Afrika Mashariki na kuweka hesabu zake katika kompyuta, yapasa kuuliza jambo moja kabla ya kupanga bei: ushuru wa forodha umeandikwa wapi? Ushuru ni sehemu ya gharama ya mali, wala si matumizi ya ofisi. Tena ni gharama ya bidhaa ile iliyotozwa, si ya shehena nzima.

Namba ya ushuru. Kila bidhaa ina namba yake. Tarakimu sita za kwanza hufuata mfumo wa kimataifa ulioanza tarehe 1 Januari 1988. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia tarakimu nane. Kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini ni 0901.11, ikikaangwa huwa 0901.21. Tofauti ni tarakimu moja tu. Kwa hiyo namba ichukuliwe kutoka hati ya forodha na kuandikwa kwenye kadi ya bidhaa katika programu, isikisiwe kwa kutazama jina.

Kiwango na tarehe. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25. Cha asilimia 35 kiliongezwa Julai 2022. Kwa kuwa viwango hubadilika, kila kimoja kiandikwe pamoja na tarehe ya kuanza kutumika. Kipya kisifute cha zamani, ama sivyo shehena ya Mei itahesabiwa kwa kiwango cha Julai.

Kugawa gharama. Tuchukue mfano wa mabomba 100 ya kunyunyizia dawa na matoroli 100, kila aina ikiwa imenunuliwa kwa shilingi 4,000,000. Nauli na bima ni shilingi 2,000,000, nazo zagawanywa sawa kwa kuwa thamani ni sawa. Kila aina sasa ni shilingi 5,000,000. Tuseme bomba halitozwi, na toroli latozwa asilimia 25, yaani shilingi 1,250,000. Gharama ya bomba moja ni shilingi 50,000, na ya toroli ni 62,500.

Ushuru ukigawanywa sawa kwa vifaa vyote, kila kimoja huonekana kuwa shilingi 56,250. Mwenye kununua bomba atalipishwa ushuru usiomhusu. Toroli likiuzwa kwa shilingi 60,000, chama kitadhani kimepata, kumbe kimepoteza shilingi 2,500. Ushuru ukiandikwa katika matumizi ya ofisi, hasara hiyo itajificha hadi kufunga mwaka, ndipo ziada ya wanachama itakapopungua bila sababu kujulikana.

Basi Kamati isipitishe bei kabla Katibu hajaonyesha hati ya forodha, stakabadhi ya malipo na karatasi ya mgawanyo iliyotolewa na kompyuta. Jumla ya ushuru katika karatasi hizo ilingane hadi shilingi ya mwisho. Kompyuta hujumlisha upesi, lakini haijui kama namba iliyopewa ni ya kweli.

Mkaguzi wa Ushirika