Jengo zuri peke yake haliuzi

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita.)



Nimepokea barua kadhaa kutoka Kilosa na Mikumi, na karibu zote zinauliza jambo moja. Maduka ya zamani ya katikati ya mji wa Kilosa yakibomolewa na kujengwa ghorofa la kisasa, je, kampuni kubwa za biashara zitakuja kupanga? Mmoja ameandika kwa hamu kabisa, akitaja mpaka ngazi za umeme. Leo nitaeleza jinsi biashara hii ya majengo ya maduka inavyokwenda, kwa sababu wengi huiona kwa nje tu.

Tuanze na Kilosa yenyewe. Mji ule ulikuzwa na reli na katani. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupitia Kilosa hadi Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa yalikuwa na vibarua wengi, na kibarua akilipwa mshahara alikuja mjini kununua kanga, sukari na mafuta ya taa. Yale maduka yenye baraza mbele na chumba cha kulala nyuma yalisimama kwa fedha hizo. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani laki mbili za katani; miaka ya 1990 ilipoanza, hata tani elfu hamsini zilikuwa ndoto. Katikati ya hapo palipita Operesheni Maduka ya mwaka 1976, iliyowafungia wenye maduka binafsi, na miaka ya foleni za sabuni na unga. Wengi walihama na hawakurudi. Halafu maji: mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi, yakaikata na reli.

Mikumi ilikwenda njia nyingine. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipita pale, na malori ya Tunduma, mabasi ya Iringa na Mbeya, na watalii wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 wote wanapita mlangoni. Hakuna aliyepanga biashara ya Mikumi. Dereva ametoka kuvuka hifadhi, macho yamechoka kutazama matuta na twiga, anataka chai na chapati. Genge likafuata dereva, nyumba ya kulala wageni ikafuata genge, duka la vipuri likafuata. Wilaya ni hiyo hiyo moja, lakini wateja ni wa aina mbili mbali kabisa: wa Kilosa anakaa, wa Mikumi anapita.

Sasa huyu mpangaji mkubwa. Katika jengo kubwa la maduka, mwenye jengo humtafuta kwanza mpangaji mmoja au wawili ambao majina yao pekee yanavuta watu. Hao hupewa nafasi kubwa kwa kodi ndogo sana kwa kila mita ya mraba, na mara nyingi jengo huchorwa kwa kufuata matakwa yao. Faida hutoka kwa wadogo. Mwenye duka la viatu, kinyozi na wakala wa simu hulipa kodi ya juu kwa sababu watu waliofuata duka kubwa watapita mbele ya fremu zao. Kwa maneno mengine, mdogo humlipia mkubwa. Mpango huu ulienea Marekani tangu miaka ya 1950, kwa watu wenye magari na majokofu makubwa nyumbani.

Hapa kwetu tuliuona Mlimani City, Dar es Salaam, palipofunguliwa mwaka 2006 pakiwa na Shoprite na Game. Tazameni yaliyofuata. Shoprite iliwaachia Nakumatt maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, na Nakumatt nayo ikaanguka kabla miaka ya 2010 haijaisha. Uchumi ilifunga maduka yake nchini mwaka 2015. Game ilifunga mwaka 2022. Mlimani City ilihimili kwa kuwa ina Dar es Salaam nzima nyuma yake, na mpangaji akitoka mwingine hupatikana. Kampuni hizo zilishindwa katika jiji la mamilioni ya watu. Mwenye kuahidi kwamba zitafurahia Kilosa, aulizwe hesabu zake.

Wengine wanasema treni ya umeme itabadilisha mambo. Safari zake zilifika Dodoma Julai 2024, na Kilosa ina kituo. Ni neema, sikatai. Lakini treni huenda na kurudi. Mama wa Kilosa anayeweza kufika Morogoro upesi, ataona sababu gani ya kununua vitenge mjini kwake kwa bei ya juu? Morogoro kuna Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa Februari 2021, na maduka ya jumla ya kila namna. Usafiri mzuri humletea mwenye duka mdogo bidhaa rahisi, na siku hiyo hiyo humwondolea mteja.

Lipo pia suala la waliomo ndani sasa. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara walipelekwa kwingine wakati wa ukarabati, na kungoja kwao kulipita miaka mitatu. Mwenye mtaji mkubwa huweza kungoja. Muuza dagaa hawezi. Wateja wake wakishazoea genge jingine, amekwisha. Na jengo likikamilika, kodi mpya hupangwa kulingana na mkopo uliolijenga, bila kusahau kilemba cha chini ya meza. Jengo la Machinga Complex pale Ilala, lililokamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF, lilikaa miaka mingi na vizimba vitupu, kwa kuwa machinga hufuata wapita njia na wapita njia hawapandi ghorofa kutafuta soksi.

Mimi ningeanza na mifereji, paa na vyoo. Maduka ya zamani yana kuta nene na baraza za kivuli. Mtaa ukitengenezewa mfereji wa kuhimili maji ya Mkondoa na taa za usiku, nusu ya kazi imekwisha, na hakuna aliyehamishwa. Kisha mpangaji mkubwa atafutwe wa kadiri ya mji: tawi la benki, duka la dawa la jumla, bohari ya pembejeo. Mkulima wa mpunga au ufuta anayekuja kuchukua fedha benki hununua na mabati siku ile ile. Huyo ndiye mvutaji wa Kilosa. Na mkataba wake usainiwe kabla mkandarasi hajaleta tofali la kwanza, uoneshe miaka atakayokaa na fidia akiondoka mapema.

Wa Mikumi mmeuliza pia habari za stendi na maegesho ya malori. Hayo nitayaeleza juma lijalo.