Kwa Nini Rangi za Picha Hufifia Zikifika Kwenye Tovuti

Picha zinazoambatana na taarifa za miradi si mapambo. Mfadhili aliye mbali hana nafasi ya kufika Mlingotini. Anachokiona ni picha, na kwa picha hiyo anapima kama fedha zimefanya kazi. Rangi ikipotea njiani, sehemu ya taarifa imepotea.

Tuchukue mfano wa mwani, zao la akina mama wengi wa pwani yetu. Mwani wenye afya una rangi iliyokolea, ya kijani au ya kahawia. Ukipatwa na ugonjwa uitwao ice-ice, ambao huja hasa maji yanapopata joto kupita kiasi, matawi hupauka, huwa meupe na kukatika. Sasa katibu wa kamati anapiga picha ya shamba zuri, anaitengeneza kwenye kompyuta mpaka anaridhika, anaituma. Kwenye tovuti mwani umepauka na kanga nyekundu ya mkulima imekuwa kama tofali la zamani. Mtu anayeujua mwani anaweza kudhani shamba linaumwa. Wengine watasema kamera ni mbovu, au, vibaya zaidi, kwamba picha imechezewa.

Mara nyingi kamera haina kosa. Ndani ya faili la picha hakuna rangi, kuna namba. Kila nukta ina namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, na kila moja ni kati ya 0 na 255. Namba hizo ni kama fedha: ukiambiwa "elfu moja" pale mpakani Horohoro, ni lazima uulize kama ni shilingi ya Tanzania au ya Kenya. Jina la fedha hiyo, kwa upande wa picha, huitwa profaili ya rangi.

Profaili ya tovuti ni sRGB, iliyoanzishwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996 na kukubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Nyingine ni Adobe RGB ya mwaka 1998, yenye upana mkubwa zaidi wa rangi, inayopendwa na watu wa uchapaji. Wekundu mkali kabisa wa sRGB huandikwa 255. Wekundu huohuo katika Adobe RGB huandikwa 219 tu, kwa kuwa "shilingi" yake ni nzito zaidi. Programu za kuonyesha tovuti za siku hizi husoma profaili zikiikuta. Taabu ni kwamba tovuti nyingi hupunguza ukubwa wa picha na kuiondoa profaili papo hapo. Inabaki 219 isiyo na jina, inasomwa kama sRGB, na wekundu unafifia.

Dawa ni kubadili picha kuwa sRGB kabla ya kuituma. Photoshop na GIMP zote zina amri hiyo. Lakini angalieni, kuna amri mbili zinazofanana. Moja hubadili namba ili rangi ibaki ileile, kama kubadilisha fedha dirishani. Nyingine huacha namba zilivyo na kubandika jina jipya tu, kama kufuta "Kenya" na kuandika "Tanzania" juu ya noti. Mnayoihitaji ni ya kwanza. Baadhi ya simu nazo, kama iPhone tangu toleo la 7 la mwaka 2016, hupiga kwa profaili pana kuliko sRGB, kwa hiyo picha za simu zikaguliwe vilevile. Na faili lililorudi kutoka kwa mchapaji likiwa katika rangi nne za wino lisipandishwe kwenye tovuti kabisa. Rudieni la mwanzo.

Kioo cha kompyuta nacho hudanganya. Msitengeneze rangi barazani kwenye jua, wala usiku huku ule mwanga wa manjano wa kupumzisha macho ukiwa umewashwa.

Neno moja kuhusu nyuso. Kwa miaka mingi Kodak ilipima rangi za filamu kwa kadi za mwanamke mweupe, na watu weusi walitoka kama vivuli. Wapo wanaojibu hilo leo kwa kuangaza kila uso mpaka mtu hafanani na nafsi yake. Kwa maoni yetu, afadhali kumpiga mtu picha kivulini, mwanga ukimjia usoni, kuliko kumng'arisha baadaye kwenye kompyuta.

Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa na kupungua ubora. Nakala ya asili kutoka kwenye kamera ibaki ofisini bila kuguswa, ili kukiwa na swali kuhusu rangi kuwe na kitu cha kulinganisha.