Hii ya Pili ni Kali?

Ukikaa nyuma ya kaunta ya maktaba ya video, kama nilivyokaa mimi pale Tanga enzi za mikanda na deki, swali hili hulikwepi. Mteja ameshika kasha, amelipindua mbele na nyuma, kisha anauliza: "Kaka, hii ya pili ni kali kama ya kwanza?" Jibu la biashara ni ndiyo. Jibu la kweli lilikuwa kwenye daftari la kukodisha. Mkanda wa kwanza ulitoka mpaka picha ikaanza kupiga chenga. Wa pili ulitoka kwa fujo siku za mwanzo, halafu ukalala rafuni.

Chukua Speed ya 1994. Basi limetegwa bomu, likishuka chini ya maili 50 kwa saa linalipuka. Mtu mzima alikuwa akiitazama huku ameshika kiti. Mwaka 1997 ikaja Speed 2, balaa limehamishiwa kwenye meli ya watalii. Keanu Reeves, steringi wetu, alikataa kurudi, akabaki Sandra Bullock na mchumba mpya. Wateja walirudisha mkanda kabla ya muda wao kwisha, na mmoja akataka apewe mwingine bure.

Waswahili wana jibu lao: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa filamu nyingi methali inapiga penyewe. Kampuni inajua jina limeshauzika, haina haja ya kumtambulisha steringi upya, na watu watakuja tu, hata kama ni kwa kuchungulia. Hapo maji yanamiminwa kwenye kibuyu mchana kweupe.

Hata hivyo, mimi mgema namtetea kidogo. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alichapisha vipimo vya urefu wa wazazi na watoto wao. Aliona kwamba wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto warefu, ila kwa kawaida si warefu kama wao. Watoto husogea kuelekea kimo cha watu wa kawaida. Hakuna aliyekosea popote. Jambo likizidi sana kipimo, linalofuata aghalabu huwa karibu zaidi na kawaida.

Filamu nazo ndivyo zilivyo. Iliyoanguka sokoni ni nadra kuandikiwa sehemu ya pili. Inayoandikiwa ni ile iliyopita kiasi: hadithi ilikaa, waigizaji waliiva, msimu ulikubali, na bahati ikaongezea chumvi. Ukiwaita watu walewale tena, ufundi wao utarudi nao. Bahati haina mkataba. Ndiyo maana kushusha matarajio kabla ya kutazama sehemu ya pili si kuidharau. Ni kupiga hesabu vizuri.

Hesabu hiyo niliifanya mwaka 2021, Coming 2 America ilipotoka. Ya kwanza, Coming to America ya 1988, kwetu ilikuwa kama mali ya ukoo. Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, anayekwenda Queens, New York, kutafuta mke atakayempenda bila kujua cheo chake, na anaishia kupiga deki kwenye mkahawa wa McDowell's, ulioiga McDonald's bila haya. Kule kwenye kibanda cha kinyozi kuna wazee wanaobishana juu ya mabondia. Clarence, kinyozi mwenyewe, ni Eddie Murphy. Saul, yule mzee wa Kiyahudi mweupe, ni Eddie Murphy pia, kwa kazi ya mpambaji Rick Baker. Nimewaona watu wakibishana na skrini, wakikataa kuamini mpaka majina ya mwisho yapite.

Kati ya filamu hizo mbili ni miaka 33. Mwongozaji alibadilika, kutoka John Landis kwenda Craig Brewer. Janga la korona lilikuwa limefunga majumba ya sinema sehemu nyingi, kwa hiyo ikatolewa moja kwa moja kwenye intaneti, kupitia Amazon. Nikajiambia: usidai kicheko kile. Dai tu kuwaona ndugu.

Nilitazama na mpwa wangu, binti ambaye hakuwahi kuiona ya kwanza. Mfalme Jaffe Joffer, baba yake Akeem, anafanyiwa mazishi angali hai, ayaone mwenyewe: Morgan Freeman ndiye mshereheshaji, Gladys Knight anaimba, na mfalme amelala jenezani akisikiliza sifa zake. James Earl Jones, anayemwigiza mfalme huyo, alikuwa ametimiza miaka 90 filamu ilipotoka. Nikaguna kwa furaha.

"Mjomba, mbona unaguna? Si anakufa huyo?"

"Acha afe, mwanangu. Anakufa kifalme."

Wazee wa kinyozi nao wapo, hai bado, kwa umri usioelezeka. Mavazi ya Ruth E. Carter, aliyepata Oscar kwa Black Panther, yanajaza macho. Kwa madai madogo niliyokwenda nayo, nililipwa na chenji nikarudishiwa. James Earl Jones na John Amos, yule mwenye mkahawa, wote walifariki 2024, na nafurahi nilipata kuwaona tena wakichekesha.

Lakini kushusha matarajio hakumpi mwandishi msamaha. Sheria ya Zamunda inataka mrithi wa kiume, Akeem ana mabinti watatu, hivyo inabidi apatikane mtoto wa nje. Amepatikanaje? Filamu inaturudisha usiku mmoja wa 1988 na kutuonyesha Akeem akileweshwa, kisha kuingiliwa bila akili zake. Hilo linapitishwa kama mzaha. Hata ukiinamisha kipimo mpaka sakafuni, tukio lile linapita chini yake. Na Lisa, mwanamke ambaye safari nzima ya kwanza ilikuwa kwa ajili yake, amewekwa pembeni ya hadithi ya mumewe.

Chanzo cha tatizo ni kwamba hadithi ya 1988 ilikuwa imekwisha. Akeem alikwenda kutafuta mke, akampata, wakaoana, mkanda ukaisha. Ili kuwe na ya pili, ilibidi deni litungwe. Linganisha na The Godfather Part II ya 1974. Francis Ford Coppola alibaki na sehemu ya kitabu cha Mario Puzo ambayo hakuitumia: ujana wa Vito, yule mzee wa filamu ya kwanza. Akampa Robert De Niro aiigize, akaisuka na maisha ya mwanawe Michael, na ikawa sehemu ya pili ya kwanza kushinda Oscar ya filamu bora. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza kama ya pili ni kali, namuuliza kwanza: ile ya kwanza ilibakiza nini? Kama ilibakiza kitu, nenda na njaa yako. Kama haikubakiza, kula kwanza nyumbani.

Mpwa wangu hakuwa na mizigo hiyo. Alicheka, akampenda yule binti mkubwa Meeka anayejua kupigana kwa fimbo, akasema filamu ni nzuri. Ya kwanza aliitazama baadaye, baada ya miaka ya kusikia familia nzima ikiisifia kila sikukuu. Alikaa mpaka mwisho kwa heshima, akanigeukia: "Mjomba, ni nzuri. Ila nilivyosikia mnavyoisema, nilidhani itakuwa zaidi." Sikubishana naye. Matarajio hayachagui ya kwanza wala ya pili.